Tusiwahesabie watu siku za mazoezi tukaisahau kazi yenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii ya barua ili nizungumzie dai moja ambalo limekuwa likijirudia katika kurasa za afya za magazeti, kwamba mtu anayefanya mazoezi ya kunyanyua uzito chini ya siku nne au tano kwa juma anajisumbua bure. Dai hili si kweli, na kwa kuwa huandikwa kwa uhakika mkubwa, limewarudisha nyuma watu ambao walikuwa wameshaanza kunufaika.

Nitaeleza jinsi lilivyonifikia. Miongoni mwa watu ninaowaongoza katika mazoezi, kazi ambayo nimeifanya kwa miaka mingi sasa, yumo bibi mmoja wa miaka 71 aliyekuwa akija mara mbili kwa juma. Alianza kwa kujifunza kuinuka kitini akiwa amekunja mikono kifuani, bila kujisukuma kwa kushika egemeo. Baada ya miezi mitatu alikuwa akiinuka huku ameukumbatia uzito wa kilo 8, seti tatu, kila seti mara nane, na yote hayo ameyaandika kwa mkono wake katika daftari dogo analolifunga kwa mpira. Kisha akapotea kwa majuma matano. Aliporudi alichomoa ndani ya daftari hilo kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne, akaniwekea kidole kwenye mstari alioupigia kalamu. "Mwanangu," akasema, "hapa wameandika kwamba siku mbili ni kazi bure. Mimi tano siziwezi. Nikaona heri nipumzike." Sikuwa na jibu la haraka zaidi ya kumwomba akae ainuke kama zamani, bila uzito wowote. Aliinuka mara tano vizuri, na mara ya sita mkono wake wa kulia ukaenda wenyewe kwenye egemeo.

Mwandishi wa makala ile hakuwa amelitunga dai lake kutoka hewani, na ni haki kulieleza kabla ya kulipinga. Mwaka 2018 Jozo Grgic, Brad Schoenfeld na wenzao walichapisha katika jarida la Sports Medicine uchambuzi uliounganisha matokeo ya tafiti 22 zilizolinganisha idadi tofauti za siku za mazoezi ya uzito kwa juma. Kwa kipimo cha kitakwimu wanachokitumia watafiti kueleza ukubwa wa badiliko, ongezeko la nguvu lilikuwa 0.74 kwa waliofanya mazoezi siku moja kwa juma, 0.82 kwa siku mbili, 0.93 kwa siku tatu, na 1.08 kwa siku nne au zaidi. Mwenye kusoma takwimu hizo na kuishia hapo ataona ngazi iliyonyooka, na atatangaza kwamba kila siku inayoongezwa inaleta nguvu zaidi.

Lakini uchambuzi huo una sehemu ya pili, na sehemu hiyo ndiyo inayoachwa nje ya magazeti. Watafiti walizitenga tafiti ambazo wahusika wote walifanya kiasi kilekile cha kazi kwa juma, tofauti ikiwa tu ni namna kazi hiyo ilivyogawanywa katika siku. Walipofanya hivyo, idadi ya siku haikuonyesha tena athari ya maana kitakwimu. Kwa maneno mengine, waliofanya mazoezi siku nyingi walipata nguvu zaidi kwa sababu, kwa jumla, walifanya kazi nyingi zaidi. Na hata tukibaki na ile ngazi ya kwanza bila kuigusa, siku moja peke yake ilikuwa imeshaleta zaidi ya theluthi mbili ya kile kilicholetwa na siku nne, kwa hiyo neno "bure" halina pa kukaa.

Tuchukue mfano wa mtu aliyepanga kufanya seti 12 kwa juma za kuchuchumaa na kuinuka akiwa na chuma mabegani. Anaweza kuzifanya zote siku moja, anaweza kufanya sita leo na sita baada ya siku tatu, au nne katika siku tatu tofauti. Katika karatasi hesabu ni moja. Penye chuma chenyewe si moja kabisa, na hapa ndipo penye ukweli kidogo katika hoja ya wale wanaotaka siku nyingi. Nimesimama pembeni ya watu wengi wanaojaribu kumaliza seti 12 kwa mkupuo. Hadi seti ya nne au ya tano chuma kinapanda kwa mwendo mmoja, nyayo zimetulia, pumzi inatoka mahali pake. Kufikia ya nane nyonga zinaanza kutangulia kupanda na kifua kubaki nyuma, magoti yanaegemeana, na mwenyewe anaomba apumzike dakika tano badala ya tatu. Kufikia ya kumi inabidi kilo zipunguzwe, au marudio yakatwe, au mtu akatae kwa heshima na kwenda kunywa maji. Zile seti za mwisho zimeandikwa daftarini kama seti, lakini kazi iliyofanyika ndani yake ni pungufu. Ukizigawa katika siku mbili, karibu zote zinakuwa seti za kweli. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuongeza siku ninayoiona mimi: inampa mtu nafasi ya kufanya kazi nzito akiwa bado hajachoka. Faida hiyo inapatikana sana mtu anapotoka siku moja kwenda mbili, hupungua anapokwenda tatu, na kwa mtu ambaye jumla ya kazi yake kwa juma ni ndogo, kama yule bibi mwenye seti zake chache, haipo kabisa, kwa kuwa hana seti za kuchosha za kugawa.

Ipo sababu nyingine inayotajwa, nayo inatoka maabara. Mwaka 1995 watafiti wa Kanada wakiongozwa na Duncan MacDougall walionyesha kwamba baada ya kipindi kimoja kizito cha mazoezi, kasi ya misuli kujitengenezea protini huongezeka zaidi ya maradufu kufikia saa ya 24, kisha hushuka na kukaribia hali yake ya kawaida kufikia saa ya 36. Kutokana na hilo wengi walihitimisha kwamba msuli unaosubiri juma zima "umelala" siku tano kati ya saba, na kwamba ni lazima uamshwe kila baada ya siku mbili. Hitimisho hilo lina mantiki, nami nililiamini kwa muda mrefu. Tatizo lake ni kwamba kinachopimwa pale ni ujenzi wa protini katika saa chache, ilhali tunachotafuta ni uwezo wa kuinua uzito baada ya miezi. Vitu hivi viwili vina undugu, ila si kitu kimoja.

Nguvu, Mhariri, haikai ndani ya nyama peke yake. Mwaka 1979 Toshio Moritani na Herbert deVries walionyesha kwamba katika majuma ya kwanza ya mazoezi sehemu kubwa ya nguvu inayoongezeka hutokana na mfumo wa neva, yaani ubongo na uti wa mgongo kujifunza kuita nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja na kwa mpangilio bora, na kwamba ukuaji wa msuli wenyewe huchukua nafasi kubwa zaidi baadaye. Ndiyo maana mtu anayeanza huongeza kilo kila juma na bado mikono ya shati lake haijambana. Kinachoendelea kwake kinafanana zaidi na kujifunza kuandika kuliko kujenga ukuta, na anayejifunza kuandika hunufaika akishika kalamu mara kwa mara, kidogo kidogo. Kwa hiyo wanaosema kwamba kurudia mara nyingi kunasaidia hawakosei, mradi waseme kunasaidia nini. Katika ule uchambuzi wa 2018, athari ya kuongeza siku ilionekana katika mazoezi yanayotumia viungo vingi kwa pamoja na katika mazoezi ya sehemu ya juu ya mwili, na haikuonekana katika mazoezi ya kiungo kimoja wala katika yale ya miguu. Mimi nasoma hapo kwamba kadiri zoezi linavyohitaji ustadi, ndivyo mazoea yanavyolipa, ingawa wengine wanaweza kulisoma vingine.

Wanaopenda siku nyingi huniletea mfano wa wanyanyua uzito wa Bulgaria chini ya kocha Ivan Abadzhiev, ambao walifanya mazoezi mara kadhaa kwa siku, karibu kila siku, kwa uzito wa karibu na upeo wao, na wakatwaa medali za Olimpiki. Ni kweli tupu. Lakini wale walikuwa vijana waliochujwa kutoka kwa wengi, kazi yao ya kutwa ikiwa ni hiyo, na mchezo wao ni wa kunyakua chuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa tendo la kasi ambalo kosa dogo huliharibu. Kumpangia karani au mwalimu kwa ratiba ya watu hao ni kama kumfundisha mtoto kuogelea kwa kumtupa penye mkondo mkali kwa hoja kwamba mabaharia hupita hapo.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mjadala wa siku unameza jambo ambalo limejulikana kwa takribani miaka 80. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani Thomas DeLorme, aliyekuwa akiwahudumia askari majeruhi katika hospitali ya kijeshi mjini Chicago, alichapisha maelezo ya namna alivyorudisha nguvu za misuli yao kwa kuwapa uzito mkubwa unaoongezwa hatua kwa hatua, badala ya mazoezi mepesi ya kurudiarudia yaliyozoeleka wakati huo. Mwanzoni aliwapa seti nyingi, saba hadi kumi za mara kumi. Baadaye, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, alizipunguza hadi tatu: ya kwanza kwa nusu ya uzito ambao mtu anaweza kuuinua mara kumi tu, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito wote. Aliyeasisi utaratibu huu alijifunza mapema kwamba wingi una kikomo chake, na kwamba kilichobeba matokeo ni uzito kupanda kadiri mtu anavyopata nguvu. Leo naona vijana wanaokwenda jimu siku sita kwa juma, mwaka mzima, wakiinua dambeli zilezile za mwaka jana. Ukiwauliza mazoezi yao yakoje, watakutajia siku, na ukiuliza kilo, watatazamana.

Nami sijisemei kama mtu aliyekuwa na hekima tangu mwanzo. Nilipokuwa na miaka 24 nilijiwekea ratiba ya siku sita, nikisukuma chuma nikiwa nimelala chali siku nne kati ya hizo, kwa sababu mkufunzi mmoja alinihakikishia kwamba mapumziko ni ya wavivu. Kwa majuma sita hivi nilipanda kilo. Juma la tisa bega la kushoto lilianza kunichoma kila ninapoinua mkono kuvaa shati, nikaendelea nalo, nikijiambia kwamba maumivu ni dalili ya kazi. Ilinichukua miezi saba kurudi kwenye uzito nilioanza nao. Sisemi kwamba siku sita humwumiza kila mtu: kwa waliozoea, wakigawa kazi ileile katika vipindi vifupi, majaribio yaliyolinganisha siku tatu na siku sita yamepata nguvu karibu sawa bila madhara makubwa. Mimi sikugawa kazi yangu bali niliizidisha maradufu nikaiita ratiba. (Na maumivu ya misuli yanayozidi kati ya saa 24 na 72 baada ya mazoezi mageni ni alama ya ugeni tu, wala si kipimo cha faida, jambo ambalo ningependa kulipigia kelele kama nafasi ingeruhusu.)

Niwageukie sasa wale ambao hawana siku nyingi za kutoa, maana ndio wengi, na ndio wanaokatishwa tamaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa yote ya mwili siku mbili au zaidi kwa juma. Siku mbili, Mhariri. Kwa wenye miaka 65 na zaidi mwongozo huo unaongeza mazoezi mchanganyiko yanayotilia mkazo mizani ya mwili na nguvu, siku tatu au zaidi, kwa ajili ya kuzuia kuanguka. Lakini hiyo siku ya tatu si lazima iwe ya vyuma, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza kuna nafasi yake humo. Nao wazee hawaanzi wakiwa wamechelewa. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliripoti kutoka Boston kwamba wazee dhaifu wenye miaka 86 hadi 96, waliofanya mazoezi mazito ya miguu mara tatu kwa juma kwa majuma 8, waliongeza nguvu kwa wastani wa asilimia 174. Wangeweza kupewa sababu nyingi za kubaki kitandani, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa kwamba siku tatu hazitoshi.

Kuna pia tofauti kati ya kutafuta nguvu na kuitunza, ambayo katika magazeti haitajwi karibu kabisa. Katika utafiti uliochapishwa na Scott Bickel na wenzake mwaka 2011, vijana na wazee walifanya mazoezi mara tatu kwa juma kwa majuma 16, kisha baadhi yao wakapunguziwa hadi siku moja tu kwa juma kwa majuma 32, wengine wakifanya theluthi ya kazi ya mwanzo na wengine sehemu moja ya tisa. Nguvu waliyoipata ilihifadhika kwa sehemu kubwa hata kwa kiasi hicho kidogo. Ukubwa wa misuli ulishikilia kwa vijana, ila wazee walihitaji zaidi ya hapo ili wasiupoteze. Kwa hiyo mtu aliyebanwa na mitihani, safari, mtoto mchanga au kuuguza mgonjwa nyumbani anaweza kushuka hadi siku moja kwa miezi kadhaa, akashika uzito uleule aliouzoea, na akarudi baadaye bila kuanza upya. Sharti ni kwamba asipunguze kilo. Apunguze siku, apunguze seti, lakini chuma kibaki kizito. Sijui habari njema kuliko hiyo kwa mtu mwenye shughuli, na inaniuma kuona anaambiwa kinyume chake.

Nisieleweke kwamba ninahubiri uchache. Mtu mwenye nafasi, anayependa kwenda mara nne na anayekula na kulala vya kutosha, atapata zaidi kama hizo siku nne zitabeba kazi zaidi, na mashindano ya kunyanyua hayashindwi kwa siku moja kwa juma. Vilevile mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na asizuie pumzi anapoinua. Ninachopinga ni kuugeuza wingi wa siku kuwa mlango wa kuingilia, kiasi kwamba asiyeweza kuzitimiza anaona afadhali abaki nje.

Ombi langu kwako ni dogo na la kiutendaji. Kila gazeti lako linapochapisha ratiba ya mazoezi ya uzito, wahariri wa ukurasa wa afya wamtake mwandishi aseme mambo manne: seti ngapi za kila kundi la misuli kwa juma zima, uzito wa kiwango gani, uzito huo uongezwe lini, na mtu mwenye siku mbili tu azipange vipi. Idadi ya siku iandikwe baada ya hayo. Na kama itawezekana, makala iliyodai kwamba chini ya siku nne ni kazi bure ifuatiwe na masahihisho, yakichapishwa kwa herufi za ukubwa uleule, kwa sababu wasomaji wako wa umri mkubwa hawasomi zile ndogo za chini ya ukurasa.

Yule bibi amerudi siku zake za Jumanne na Ijumaa. Juma lililopita alifika kilo 6, na amenieleza kwamba kipande kile cha gazeti bado kimo daftarini, anasubiri cha pili cha kuweka juu yake.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,

Mkufunzi wa mazoezi ya viungo